Kutoka kwenye chuma mpaka kwenye bega

Wandugu, kule Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, watu wanachimba shaba, na kazi ya namna hiyo inakaa mabegani na magotini. Munganga kijana atayashika tu. Lakini atajuaje kano iko wapi chini ya ngozi?

Ekografi, ambayo wengi tunaijua kwa mama wajawazito, ilianza na chuma. Mwaka 1955 Ian Donald, munganga wa Glasgow, alipeleka uvimbe aliotoa kwa wagonjwa kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox, ukapimwa kwa mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kumbe ilitofautisha uvimbe wa maji na wa nyama! Goti lilingoja hadi 1972: McDonald na Leopold walionyesha jinsi ya kutenganisha mfuko wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda mshipani. Mkono peke yake unakosea sana hapo.

Kufundishia kulichelewa zaidi. Chuo kikuu cha South Carolina, Marekani, kiliingiza ekografi kwenye masomo ya udaktari mwaka 2006. Kwa viungo, zoezi ni jepesi: unamshika mwenzako bega, unaweka kidole pale unapodhani kano inapita, halafu kichwa cha mashine kinawekwa palepale. Ukikosea, kioo kinakuonyesha saa ileile. Mionzi hamna, basi mnarudia.

Ila kidole kitangulie, jamani. Anayeanza na mashine, siku akipangwa kituo kisicho nayo, atamshika mchimbaji bega bila kujua anagusa nini.