Miti shamba ya kuongeza mkojo: je, inatibu uvimbe?

Mama akivimba miguu, hakosi mtu wa kumwambia anywe choya au maji ya ndevu za mahindi "ili maji yatoke". Ni kweli, baadhi ya mimea huongeza mkojo. Choya inaweza pia kushusha presha kidogo. Kahawa na majani ya chai nayo humfanya mtu akojoe zaidi, kwa sababu yana kafeini.

Lakini kukojoa sana si kupona. Uvimbe ni dalili tu. Chanzo kinaweza kuwa moyo, figo, ini, lishe duni au ujauzito, na kila kimoja kina matibabu yake.

Ukiwa mjamzito

Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida. Ila baada ya wiki 20, uso na mikono ikivimba, huenda ni presha ya ujauzito, ambayo inaweza kuleta kifafa cha mimba. Hapo maji yamevuja kutoka kwenye mishipa ya damu. Ukiyapunguza zaidi, damu inayomfikia mtoto kupitia kondo la nyuma inaweza kupungua. Unachohitaji ni kupimwa presha na mkojo. Presha ya 140/90 au zaidi haisubiri.

Mtoto akivimba

Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, inaweza kuwa dalili ya utapiamlo mkali. Usimpe dawa yoyote ya kukojoza, iwe ya dukani au ya miti shamba, inaweza kumdhuru. Mpeleke kituoni apate lishe ya matibabu.

Nenda kituo cha afya leo hii ukiona:

- kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu (hata wiki chache baada ya kujifungua)
- maumivu makali juu ya tumbo
- kupumua kwa shida
- mtoto amevimba uso au miguu, au mkojo wake una rangi ya kahawia

Kama unameza dawa za presha, usizichanganye na miti shamba kabla ya kuuliza. Presha inaweza kushuka mno ukapata kizunguzungu.

Ukifika, mwambie muuguzi kila ulichokunywa. Hilo litamsaidia kukuhudumia vizuri.