Chunguza njia ya mwanga kabla ya kuilaumu kamera

MPIGAPICHA wa harusi mjini Keroka hana nafasi ya kuirudia hafla. Picha ikitoka imefifia kana kwamba ilipigwa ukunguni, au ikiwa na duara la zambarau lililomkalia bibi harusi usoni, hasara ni yake. Wengi huilaumu kamera na kukimbilia kununua nyingine, ilhali aghalabu kosa limo katika njia uliyopitia mwanga, na kila kosa huacha alama yake.

Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila unapogonga uso wake, nayo lenzi ina vipande kadhaa vya kioo, kila kimoja na nyuso mbili. Mwaka wa 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani alibuni utando mwembamba wa kupunguza hasara hiyo, na leo karibu kila lenzi hupakwa utando wa aina hiyo. Hata hivyo, jua likiingia moja kwa moja, utando huo hulemewa. Isitoshe, kihisi cha kamera ya dijitali hung'aa kuliko filamu, hivyo nacho huurudisha mwanga kwenye lenzi.

Swali la kwanza ni mahali lilipo doa. Mtu aliyesimama juu ya milima ya Manga alasiri akipiga picha kuelekea magharibi atapata mfululizo wa madoa yenye rangi. Yakiwa yamejipanga kwenye mstari mmoja unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya picha, yamezaliwa ndani ya lenzi. Iwapo jua lenyewe halimo kwenye picha, kuikinga lenzi kwa kiganja au kofia hutosha kuyaondoa.

Usiku, balbu za ukumbini zikionekana tena zimepinduliwa upande wa pili wa picha, mshukiwa ni kichujio bapa kilichofungwa mbele ya lenzi ili kuikinga na vumbi. Kivuliwe, picha ipigwe tena.

Picha nzima ikiwa na weupe wa maziwa, hata pasipo jua mbele, kioo kitazamwe. Kwenye simu, mafuta ya vidole ndiyo huzifanya taa zitoe michirizi mirefu. Kitambaa laini humaliza shida hiyo. Kisii na Nyamira hupata mvua karibu mwaka mzima, na lenzi inayofungiwa mkobani ikiwa na unyevu huota kuvu. Mulika tochi kupitia lenzi: nyuzi mfano wa utando wa buibui zikionekana ndani, hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna alama moja isiyofaa kuchukuliwa kwa wepesi. Taa ya kamera ikiwashwa gizani, tone la manyunyu au chembe ya vumbi iliyo karibu sana na lenzi hugeuka duara jeupe linaloelea hewani. Duara hilo katika picha ya mkesha wa matanga si mzimu wala ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Tahadhari hii si ya bure katika eneo ambako, mnamo Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa na umati huko Marani kwa madai ya uchawi. Picha ikipigwa tena bila taa hiyo, maduara hutoweka.

Doa jeusi linalobaki pale pale katika kila picha ni jambo jingine: vumbi limetua kwenye kihisi.

Wachongaji wa mawe ya Tabaka wana tatizo lililo tofauti, kwa kuwa mng'ao wao hautoki kwenye lenzi. Jiwe likishasuguliwa na kupakwa nta, huwa kama kioo. Mnunuzi wa ng'ambo, ambaye ana picha tu ya kumwongoza, huona bakasi jeupe mahali palipochongwa maua. Ushahidi ni rahisi: kamera ikisogezwa hatua moja kando, weupe huhama juu ya jiwe. Dawa ni kuzima taa ya kamera na kuliweka jiwe kivulini karibu na mlango, au kutundika shuka jeupe dirishani ili mwanga usambae. Kichujio cha kupolaraizi, kikizungushwa taratibu, hupunguza mng'ao wa jiwe, maji na miwani. Lakini kwa mabati yasiyopakwa rangi hakisaidii.

Programu za kompyuta huweza kurudisha rangi iliyofifia kidogo. Mahali palipoungua na kuwa peupe kabisa hapana cha kurudishwa, kwani kihisi hakikunasa chochote zaidi ya weupe. Kwa hiyo picha muhimu hukuzwa na kukaguliwa kwenye skrini ya kamera pale pale, kabla maharusi hawajapanda gari.