Somo la Historia: Kihispania na Wenzetu wa Mbali

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka ubao karibu, maana kuna maneno machache ya kuandika.

Leo twataka kujibu swali moja. Kijana wa Kilimanjaro amepata nafasi ya chuo kikuu. Anawaambia wazazi wake, "Nitasoma Kihispania, na historia na desturi za watu wanaokisema." Wazazi watashangaa. Watauliza, "Je, lugha hiyo italipa ada ya wadogo zako?" Swali hilo ni la haki, maana ada hutoka katika jasho. Basi na tuiulize historia.

Kwanza, Kihispania ni lugha ya nani? Asili yake ni Hispania, nchi ya Ulaya iliyo karibu sana na Afrika. Bahari nyembamba tu ndiyo inayozitenga. Mwaka 1492 Christopher Columbus alisafiri kwa niaba ya wafalme wa Hispania akafika visiwa vya Amerika. Baada yake walikuja askari, mapadri na wafanya biashara. Waliteka nchi nyingi na kuwatesa wenyeji, na lugha yao ikaenea toka Meksiko mpaka Argentina. Hata Afrika ipo nchi ambayo Kihispania ni lugha ya serikali, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968.

Sasa mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: sukari, hata, rehani. Chini yake aandike maneno ya Kihispania: azúcar, hasta, rehén. Azúcar ni sukari. Hasta maana yake ni mpaka, kama sisi tusemavyo "toka asubuhi hata jioni". Rehén ni mtu aliyeshikwa mpaka ahadi itimizwe, naye kwa kweli ni kama kitu kilichowekwa rehani. Mbona yanafanana? Mwaka 711 Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Hispania, na utawala wa Kiislamu ulidumu huko karibu miaka 800, mpaka mji wa Granada ulipoanguka mwaka 1492. Kiarabu kikaacha maneno mengi katika Kihispania, kama kilivyoacha mengi katika Kiswahili chetu cha pwani. Lugha hizi mbili hazikuzaliwa pamoja, lakini zimechota maji katika kisima kimoja.

Tuje sasa kwenye kahawa, jambo tunalolijua vizuri. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha wapandaji wa kahawa, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1927, wakulima wa Colombia katika Amerika ya Kusini waliunda shirikisho lao. Wao nao hulima mashamba madogo kwenye miteremko ya milima, na wengi huchanganya mibuni na migomba. Lugha yao ni Kihispania.

Shirika la Kahawa la Dunia, lenye ofisi yake London, huigawa kahawa katika mafungu manne ili kufuata bei zake. Fungu moja huitwa kwa jina la Colombia. Ndani yake zimo nchi tatu: Colombia, Kenya na Tanzania. Basi kahawa ya arabika inayotoka mlimani kwetu huhesabiwa pamoja na ya wakulima wa Colombia. Lugha rasmi za shirika hilo ni Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kihispania.

Mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinunua zilifanya mapatano. Baadaye kila nchi inayolima ilipangiwa kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Mwezi wa Julai 1989 mpango huo wa viasi ulivunjika. Bei ikaporomoka, na hapa mlimani wakulima wengine waliiacha mibuni yao au kuing'oa. Mambo hayo yalizungumzwa mbali, kwa lugha za wengine, lakini aliyeumia ni mkulima wa Kibosho. Mtu asiyejua lugha ya mwenzake hungoja kuambiwa. Anayeijua husikia mwenyewe.

Nchi nyingine ya Kihispania ni Cuba. Mwaka 1961 serikali ya Cuba ilitangaza mwaka wa elimu. Vijana wapata 100,000 walikwenda mashambani na vijijini, wakiwa na vitabu na taa za karabai, kufundisha watu wazima kusoma. Watu zaidi ya 700,000 walijifunza. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa kuandika barua kwa kiongozi wa nchi, Fidel Castro. Miaka 10 baadaye, mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alitaka wilaya sita zifute ujinga wa kutokujua kusoma, na Kilimanjaro ilikuwa mojawapo.

Cuba pia imewapa vijana wa Kitanzania nafasi za masomo. Mgeni anayekwenda kusoma huko hufundishwa Kihispania kwanza, kisha huingia katika masomo mengine.

Lakini lugha ina gharama yake pia. Mwaka 1965 Ernesto Guevara, mzaliwa wa Argentina, alivuka Ziwa Tanganyika toka Kigoma kwenda kupigana Kongo. Alijiita Tatu, kwa Kiswahili. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo wa miaka kama 16. Vita ile haikufanikiwa, na Ilanga alipelekwa Cuba. Alijifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa daktari wa kupasua watoto wenye maradhi ya ubongo. Lakini kwa miaka mingi hakupata habari za jamaa zake, wala wao hawakupata zake.

Basi tuwajibu nini wazazi wale? Lugha peke yake hailipi ada. Kijana aiunganishe na kazi: biashara ya kahawa, udaktari, ualimu, ukalimani au kupokea wageni wapandao mlima. Tena asome historia ya wale watu, si maneno yao tu, apate kujua wanavyofikiri. Nasi tunaobaki nyumbani tuna kazi yetu. Mzazi anayejua kuandika anaweza kumwandikia mwanawe aliye mbali, bila kumwomba jirani. Kalamu mliyoshika leo yatosha kuanza.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini Kihispania na Kiswahili vina maneno yanayofanana?
2. Taja nchi tatu za fungu la kahawa la Colombia.
3. Freddy Ilanga alipata nini, na alikosa nini?
4. Andika barua fupi kwa mtoto au ndugu aliye mbali.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.