Makumbusho ya Montmartre: nyumba inayotunza burudani za jukwaani

Msikilizaji, mchezo wa jukwaani ni mali isiyokaa. Mwimbaji akimaliza, taa zikazimwa na watu wakarudi makwao, kinachobaki ni kumbukumbu za waliokuwapo. Nao wakiondoka duniani, basi tena. Leo tunaeleza habari za nyumba moja ya Paris, Ufaransa, inayopambana na hasara hiyo.

Nyumba yenyewe

Iko mtaa wa Cortot namba 12, juu ya kilima cha Montmartre, kaskazini mwa jiji. Ilijengwa karne ya 17. Mmoja wa wamiliki wake wa zamani alikuwa Rosimond, mwigizaji aliyechukua nafasi za Molière jukwaani baada ya bingwa huyo wa vichekesho kufariki mwaka 1673.

Baadaye walipanga wachoraji. Auguste Renoir alikuwa hapo mwaka 1876. Kisha akaja Suzanne Valadon, aliyecheza sarakasi ujanani mpaka alipoanguka na kuumia, akageukia kuchora. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960.

Vivuli vilivyobaki

Mwaka 1881 Rodolphe Salis alifungua kabareti ya Chat Noir, yaani Paka Mweusi. Kabareti ni ukumbi ambao watu hunywa huku wakisikiliza nyimbo, mashairi na vichekesho. Kivutio chake kikubwa kilikuwa mchezo wa vivuli ulioongozwa na Henri Rivière. Maumbo ya watu, farasi na majengo yalikatwa kwenye bati la zinki, yakapitishwa nyuma ya kitambaa cheupe mbele ya taa kali. Watazamaji waliona vivuli tu, huku kinanda kikipigwa na Salis akisimulia. Caran d'Ache alionyesha vita vya Napoleon kwa njia hiyo.

Salis alifariki mwaka 1897, na Chat Noir ikafungwa mwaka huohuo. Vivuli vilitoweka, lakini baadhi ya maumbo yale ya bati yalihifadhiwa. Leo mgeni wa makumbusho anaweza kuyatazama na kuelewa mchezo ulivyoendeshwa.

Mabango na wachezaji

Humo pia kuna mabango ya kumbi za usiku, ikiwemo Moulin Rouge iliyofunguliwa mwaka 1889. Nyota wake alikuwa Louise Weber, aliyejulikana kwa jina la La Goulue. Henri de Toulouse-Lautrec alimchora kwenye bango la mwaka 1891, na bango hilo linafahamika duniani kote. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1929. Karatasi iliyobandikwa ukutani ili kuita watu usiku mmoja imedumu kuliko umaarufu wake.

Kwetu je?

Sisi wa redio tunalielewa jambo hili, maana sauti ikishapita hewani haishikiki. Kama nyumbani kwako kuna picha ya kikundi cha ngoma cha babu, kaseti ya taarabu ya harusi au tangazo la zamani la mchezo, usitupe. Muulize mzee: ni nani hawa, wapi, mwaka gani? Nyuma ya picha andika majibu taratibu kwa penseli, na kaseti iwekee karatasi yake. Fanya hivyo mapema, mzee angali anakumbuka.