Hell Freezes Over: albamu ya Eagles waliporudi jukwaani baada ya miaka 14

Wimbo wa Hotel California una matoleo mawili yanayosikika sana redioni. Moja linaanza na gitaa bila kelele za watu. Jingine linaanza na gitaa kavu, kisha tumba zinaingia taratibu huku watu wakishangilia. Wasikilizaji wetu wa Kasingirima, Ujiji na vijiji vya mwambao hutuuliza lipi ni halisi.

Yote mawili ni halisi, na yote ni ya bendi moja, Eagles ya Marekani. La kwanza lilitoka mwaka 1976. La pili limo kwenye albamu ya mwaka 1994 iitwayo Hell Freezes Over. Hapa tunaeleza albamu hiyo ilivyopatikana.

Bendi ilivyovunjika

Eagles ilianzishwa Los Angeles mwaka 1971 na Glenn Frey, Don Henley, Bernie Leadon na Randy Meisner. Baadaye Leadon na Meisner waliondoka. Waliobaki hadi mwisho ni Frey, Henley, mpiga gitaa Don Felder, Joe Walsh na mpiga besi Timothy B. Schmit.

Julai 31, 1980, katika onyesho la Long Beach, Frey na Felder walitishiana ngumi jukwaani, kati ya wimbo na wimbo. Bendi iliishia hapo. Walikuwa bado wanadaiwa albamu ya jukwaani na kampuni yao. Waliimalizia wakiwa mbalimbali, Frey Los Angeles na wenzake Miami, kanda zikisafirishwa huku na huko.

Henley alipoulizwa watarudiana lini, alijibu kuwa ni siku jehanamu itakapoganda barafu. Kwetu tungesema mpaka Ziwa Tanganyika likauke. Jibu hilo ndilo lililokuja kuwa jina la albamu.

Walivyorudiana

Mwaka 1993 waimbaji wa muziki wa country walitoa albamu ya kuwaenzi, Common Thread. Mmoja wao, Travis Tritt, aliwaomba Eagles waonekane kwenye video yake, nao wakakubali.

Aprili 1994 walipiga mbele ya watazamaji huko Burbank, California, wakirekodiwa na televisheni ya MTV. Frey aliwaambia watazamaji kwamba bendi haikuvunjika kamwe, ilikuwa likizo ya miaka 14 tu. Albamu ilitoka Novemba 1994 na ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani.

Ina nyimbo 15. Nne ni mpya, zilizorekodiwa studio: Get Over It, Love Will Keep Us Alive, The Girl from Yesterday na Learn to Be Still. Nyingine 11 ni za onyesho lile.

Ukitaka kulitambua toleo la Hotel California la albamu hii kwenye simu yako, angalia muda. Lina zaidi ya dakika 7, wakati lile la 1976 lina dakika 6 na nusu. Felder, aliyetunga muziki wa wimbo huo, ndiye aliyeutungia utangulizi mpya wa gitaa.

Ugomvi haukwisha

Kurudi jukwaani hakukumaliza mambo. Felder alifukuzwa mwaka 2001 akaenda mahakamani. Alidai kwamba zamani walikuwa wakigawana sawa, lakini tangu ziara ya 1994 Henley na Frey walichukua fungu kubwa zaidi. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2007. Frey alifariki Januari 2016, na wale watano hawawezi tena kukutana.

Ng'ambo ya ziwa letu iko habari inayofanana. Wenge Musica ya Kinshasa iligawanyika mwaka 1997, JB Mpiana akabaki na BCBG na Werrason akaanzisha Maison Mère. Waliokuwa mahasimu walipanda jukwaa moja Juni 30, 2022, kwenye uwanja wa Stade des Martyrs, baada ya takriban miaka 25.

Kwa bendi na vikundi vya kwetu

Tunawashauri vijana wanaopiga pamoja harusini na kwenye sherehe waandike mambo matatu mapema: nani ametunga wimbo upi, fedha ya onyesho inagawanywaje, na jina la kikundi litabaki kwa nani mtu akiondoka. Kila mmoja atie saini na abaki na nakala. Nyimbo zenu zinaweza kusajiliwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Pia rekodini maonyesho yenu, hata kwa simu, mkiwa bado wote mpo. Wekeni simu mbali kidogo na spika ili sauti isikwaruze, na nakala ihifadhiwe kwa zaidi ya mtu mmoja.