Lang'ata (Eneo Bunge)

Lang'ata ni eneo bunge la kusini-magharibi mwa Nairobi, mji mkuu wa Kenya, na siasa yake imetawaliwa na mpaka kuliko vyama, kwani aghalabu mshindi ameamuliwa na mitaa iliyotiwa ndani na ile iliyoachwa nje.

Kwa miaka mingi mpaka huo ulikusanya watu wasiolingana kwa hali wala mali. Huku ilikuwa Karen, yenye majumba ndani ya bustani pana. Huku Kibera, ambako serikali ya kikoloni iliwakalisha askari wa Kinubi wa King's African Rifles pasipo kuwapa hati za kumiliki, na ambako baadaye wahamiaji, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, walipanga vyumba vya udongo na mabati. Wa Karen walikuwa na ardhi, wa Kibera walikuwa na kura.

Mwaka 1979, zama za chama kimoja cha KANU, kiti kilikwenda kwa Philip Leakey, mwana wa mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey, naye ni miongoni mwa Wazungu wachache mno waliochaguliwa bungeni baada ya uhuru. Viliporudi vyama vingi, 1992, Raila Odinga wa FORD-Kenya alikitwaa, akakishika miaka 20 hivi, akihama chama hadi chama na Kibera ikimfuata.

Mwishoni mwa 2001, Rais Moi na Raila, wakiwa washirika wakati huo, walitamka kwamba kodi za Kibera zipunguzwe. Wapangaji wakagoma kulipa, wenye nyumba, Wanubi wengi miongoni mwao, wakakataa kupunguza, na mapigano ya vichochoroni yakaua watu na kuteketeza nyumba. Pande zote mbili zilikuwa zimedhulumiwa, maadam mpangaji alilipia chumba kisicho na maji wala choo, ilhali mwenye nyumba alisimama juu ya ardhi ambayo serikali haikumwandikia kuwa yake.

Mwaka 2007 thamani ya kiti ilizidi, kwa kuwa katiba ya wakati huo ilimtaka Rais awe pia mbunge. Kwa hiyo Stanley Livondo wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, aliposimama dhidi ya Raila, aliyegombea urais, alikuwa akimzibia njia ya Ikulu. Raila alihifadhi kiti, Kibaki akatangazwa Rais tena, na baada ya umwagaji damu uliozuka kwa mzozo wa matokeo hayo na kuiumiza sana Kibera, Raila aliapishwa Waziri Mkuu Aprili 2008.

Katika uchaguzi wa 2013 Kibera ilikwisha kutengwa, ikawa eneo bunge la Kibra. Lang'ata ilibaki na wadi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise, ambayo ghorofa zake zimepakana na mabati ya Kibera, lakini wapiga kura wake sasa huhesabiwa pamoja na Karen. Ngome ikageuka kiti cha kushindaniwa: Joash Olum wa ODM, chama cha Raila, alikipata 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, na Phelix Odiwuor, mtangazaji ajulikanaye kwa jina la Jalang'o, akakirejesha ODM 2022.