Busaa: Urithi wa Jungu Moja

Kabla ya mahindi kutawala mashamba ya Bungoma na Kitale, busaa, pombe ya Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, ilikuwa ya wimbi, nafaka iliyolimwa Afrika Mashariki tangu kale. Walowezi wa Kizungu walipofungua mashamba ya Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926, mahindi yakawa mengi na rahisi. Busaa ikachukua unga wa mahindi, lakini wimbi halikuondoka: lilibaki kuwa kimea.

Kupika busaa ni kazi ya akina mama, na binti hujifunza kwa kukaa jikoni na mama au mavyaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, ukigeuzwa geuzwa mpaka uwe wa kahawia, ndipo uanikwe. Kando, wimbi huloweshwa, huachwa lichipue, hukaushwa na kusagwa. Viwili hivyo vikikutana na maji, kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huwa kileo. Wazee hawachuji; huizunguka nyungu, maji moto yakaongezwa, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Maadui wa nyungu hiyo hawakukosekana. Wamishonari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Bungoma, waliwakataza waumini wao pombe. Serikali ya kikoloni nayo ilidhibiti utengenezaji na uuzaji wake. Baada ya uhuru busaa iliuzwa vilabuni kwa leseni, ikapigwa marufuku, ikarudi kwa kificho. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta sheria ya zamani ya leseni za vileo pamoja na ile ya 1980 iliyoharamisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ila ikataka vinywaji vya kuuzwa vifungashwe na kuwekwa lebo. Lakini busaa huendelea kuchachuka hata baada ya kuiva. Ukiifunga, chupa hupasuka.

Basi biashara ikayumba, lakini si ujuzi. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya kila mwaka wa shufwa, na kimila mwenye mtoto wa kutahiriwa hawezi kupokea wageni bila busaa. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili familia hulazimika kuipika upya, na wasichana wa nyumba hiyo hupata darasa ambalo hakuna leseni inayoweza kulitoa wala kulifunga.